Mbao za kurushia vifuko: rangi ipi, na ipakwe vipi?

Swali: Fundi wa mtaani kwetu Kahawa West amenitengenezea mbao mbili za ule mchezo wa kurusha vifuko vya mahindi kwenye tundu, ili watoto na wageni wa Jumapili wapate la kufanya uani. Uso ni wa plaiwudi, fremu na miguu ni ya saipresi. Ningependa kuzipaka rangi mwenyewe, ingawa sijawahi kushika brashi. Nimebakiwa na rangi ya maji tuliyopakia sebule, je, itafaa? Na nifanye nini ili rangi isibanduke mvua zikianza?

Jibu: Ndugu msomaji, rangi hiyo ya sebuleni ihifadhi hadi siku ukuta utakapochafuka, kwa sababu kwenye mbao hizi haitafaa. Rangi ya maji ya ndani, hasa ile isiyong'aa, huwa na unga mwingi wa kujazia na gundi kidogo ya kuushika, kwa kuwa ukuta wa sebule haupigwi na kitu wala haunyeshewi. Ubao wa mchezo huu hupigwa mchana kutwa na vifuko vyenye uzito wa gramu 400 hadi 450 kila kimoja, navyo havitui na kutulia, bali huburuzika juu ya rangi kuelekea tunduni. Baada ya Jumapili chache utaona uso umechubuka, vifuko vimejipaka rangi ya ukuta wako, na umande ukishuka uso huo utaanza kunata.

Ni vizuri kujua tangu mwanzo rangi ina kazi gani katika mchezo huu, ambao Wamarekani huuita cornhole. Kwa vipimo vyao, ubao una urefu wa futi 4 na upana wa futi 2, tundu lina kipenyo cha inchi 6 na kitovu chake kiko inchi 9 kutoka ukingo wa juu, na sehemu ya nyuma huinuliwa inchi 12 kutoka ardhini. Kifuko kikitua juu ya ubao mchezaji hupata pointi 1, kikiingia tunduni hupata 3. Mchezaji aliyezoea halengi tundu moja kwa moja mara zote. Mara nyingi hukitua kifuko chini yake na kukiacha kiteleze hadi kiingie. Matone yaliyogandia, mistari minene ya brashi na vumbi lililokaukia kwenye rangi vyote hukizuia kifuko njiani au kukipotosha, kwa hiyo kasoro ambayo ungeisamehe kwenye mlango wa stoo hapa itaonekana katika kila mrusho.

Anza kwa kuchunguza plaiwudi yenyewe. Ikiwa fundi wako alitumia mabaki ya ile yenye ngozi laini nyeusi au ya hudhurungi, inayotumiwa na wajenzi kufungia zege, fahamu kwamba ngozi hiyo imewekwa makusudi ili kitu kisigandie juu yake, na rangi nayo ni kitu. Utalazimika kuisugua kwa msasa hadi mng'ao wote uishe, na hata hivyo nisingeitegemea sana. Ni heri kuugeuza ubao, ikiwa upande wa pili ni wa mbao tupu, au kumwomba fundi abadilishe uso. Ikiwa uso ni wa MDF au wa chipubodi, iliyoshindiliwa kutokana na vumbi na vipande vya mbao, hakuna rangi itakayouokoa nje kwa muda mrefu, maana ukishanyonya maji huvimba na haurudi. Plaiwudi ya kawaida yenye unene wa milimita 12 au 18, isiyo na malengelenge kati ya matabaka yake, inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kisha kuna suala la unyevu. Saipresi nyingi inayouzwa Nairobi, iwe Gikomba au kwenye yadi za pembeni mwa barabara, huuzwa ingali mbichi, kwa sababu muuzaji hana nafasi wala subira ya kuikausha. Ukipaka rangi juu ya mbao mbichi, maji yaliyomo ndani hutafuta njia ya kutoka, na njia ya karibu ni kuisukuma rangi. Mtu hulaumu rangi ilhali kosa ni la mbao. Jaribio jepesi ni kubandika kipande cha karatasi ya nailoni juu ya fremu, ukizibe pande zote kwa selotepu, na kukiacha usiku kucha ndani ya nyumba; asubuhi ukikuta upande wa ndani wa nailoni una jasho, bado. Viweke vibao mahali penye kivuli na hewa inayopita, vikiwa vimeinuliwa kutoka sakafuni kwa vijiti, na usivianike kwenye jua kali kwa haraka ya kuvikausha, kwani saipresi hupasuka kwenye ncha na kupinda. Wiki tatu au nne za kungoja wakati wa ukame wa Januari na Februari hufaa kuliko miezi miwili ya Juni na Julai.

Nataka ukae zaidi kwenye kingo, kwa kuwa hapo ndipo mbao hizi hufa. Uso wa plaiwudi ni tabaka moja lililolala, lakini ukingo wake unaonyesha ncha za nyuzi za mbao, na nyuzi hizo hunyonya maji jinsi mrija unavyonyonya soda. Mvua ikipiga, maji hayaingii sana kupitia uso uliopakwa. Huingia ukingoni, hutembea kati ya matabaka, hudhoofisha gundi, na baada ya muda uso huinuka vimbe vimbe ukiwa bado na rangi nzuri juu yake. Ubao wako una kingo nne za nje, na una ukingo wa tano ambao karibu kila anayeanza huusahau: mzunguko wa ndani wa tundu. Huo ni mbaya zaidi, kwa sababu umekatwa na msumeno, umeachwa na nyuzi zilizochanika, na kila kifuko kinachoingia huusugua.

Kingo hizi zote zisugue kwa msasa namba 120 hadi ziwe laini, na ncha kali za tundu zizungushie msasa mpaka zipoteze ukali na kuwa na mviringo mdogo. Rangi haikai kwenye ncha kali. Inapokauka hujivuta na kuacha utando mwembamba sana pale pale inapohitajika zaidi. Mviringo huo pia utavisaidia vifuko visichanike. Baada ya hapo paka ukingoni praima ya mbao, yaani mpako wa kwanza unaoshikisha rangi, iliyozimuliwa kidogo, kama sehemu moja ya tapentaini kwa sehemu kumi za praima, ili iwe nyepesi na izame. Utaona ukingo unaimeza na kubaki kama haujapakwa. Usishangae, ngoja ikauke, ziba vitundu vilivyobaki kati ya matabaka, sugua tena, kisha paka praima mara ya pili, safari hii bila kuizimua. Kingo zikipata praima mara mbili kabla uso haujapata hata mara moja, umekwisha kuifanya sehemu ya kazi ambayo hata mafundi wengi wa kulipwa huiruka.

Kuhusu kuziba, kuna desturi ya mafundi wetu ya kuchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe na kujazia mahali palipo na tundu la skrubu au ufa. Kwa kabati la ndani ni sawa. Kwa ubao wa uani siipendekezi, kwa sababu gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikipata maji. Filla ya plasta ya ukutani ndiyo mbaya kuliko zote. Nunua filla ya mbao ya matumizi ya nje, au ile ya kuchanganya na kigumushi inayotumiwa na wanaonyoosha mabodi ya magari, ambayo hushika vizuri kwenye mbao kavu. Kabla ya kuziba, hakikisha vichwa vya skrubu na misumari vimezama chini ya uso, la sivyo kifuko kitavigonga na kutu itajitokeza kupitia rangi. Kwenye fremu ya saipresi tazama vifundo: vile vyenye utomvu vipake shelaki, ile ile inayotumiwa na wapiga polishi wa samani, kwa kuwa utomvu ukipashwa na jua hupenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya kahawia.

Msasa wa uso uanze na namba 120 na umalize na 180 au 220, ukifuata mwelekeo wa nyuzi daima. Usishawishike kutumia namba 60 au 80 ili umalize haraka, maana tabaka la juu la plaiwudi ni jembamba mno, na ukishalitoboa utaona doa la rangi tofauti ambalo halizibiki. Futa vumbi kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo kwenye tapentaini, na usipake chochote mpaka harufu yake ipungue.

Sasa dukani. Omba vitu vitatu vya ukoo mmoja: praima ya mbao, andakoti (mpako wa kati ya praima na rangi kuu) na rangi ya mafuta, na kama unaweza, vyote vya kampuni moja, kwa sababu vimetengenezwa vikijua kwamba vitakutana. Rangi ya mafuta ni ngumu, huoshwa kwa kitambaa chenye sabuni, na hupatikana katika karibu kila duka la hadiwea jijini. Ile ya kung'aa kabisa na ile ya kung'aa kiasi zote hufaa. Mimi huchagua ya kung'aa kiasi kwa uso wa kuchezea, kwa kuwa haionyeshi kila kosa la mkono usiozoea na haipigi macho ya wachezaji wakati jua la saa nane mchana linapoiangukia. Fremu na miguu unaweza kuipaka ya kung'aa kabisa.

Hapa kuna mtego ambao huwanasa wengi. Ukiomba thina bila kueleza, muuzaji anaweza kukupa ile kali inayotumiwa kwa rangi za magari na zile za kupulizia samani, ziitwazo NC. Thina hiyo ikichanganywa na rangi yako ya mafuta inaweza kuiharibu, na ukipaka rangi ya NC juu ya rangi ya mafuta, ile ya chini hukunjamana na kuinuka. Unachotaka ni tapentaini, kwa kuzimulia na kwa kuoshea brashi. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi wa samani akijitolea kukupulizia mbao zako kwa dakika kumi, mshukuru na ukatae: umaliziaji wa NC hupendeza sana kwenye meza ya chakula, lakini haukukusudiwa kukaa juani na kwenye mvua.

Usinunue kupita kiasi. Uso mmoja una eneo la takriban mita za mraba 0.74, na ukijumlisha nyuso na migongo ya mbao zote mbili, pamoja na fremu na miguu, eneo lote halizidi mita za mraba 5. Lita moja ya rangi ya mafuta kwa kawaida hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja, hivyo lita moja ya praima, lita moja ya andakoti na lita moja ya rangi kuu zitatosha kwa kazi nzima, na rangi ya pili ya mapambo inaweza kuwa kopo dogo kuliko yote dukani. Ongeza rola ndogo ya sponji ya inchi 4, brashi ya inchi 2 ambayo haing'oki nywele ukiivuta kwa vidole, na tepu ya karatasi. Angalia pia kwamba kopo lina alama ya ubora ya KEBS. Kiwango cha risasi kinachoruhusiwa katika rangi nchini Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, na kwa kitu kitakachoshikwa na watoto kisha wakale chapati, rangi ya bei ya kutupa kutoka kopo lisilo na jina haistahili kuingia nyumbani. Ikiwa sehemu yoyote ya fremu yako imetoka kwenye mlango au dirisha la zamani lenye rangi, usiisugue ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake laweza kuwa na risasi. Mwambie fundi aweke mbao mpya.

Nairobi ina hali yake ya hewa, na rangi huiheshimu hata kama sisi hatuiheshimu. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, asubuhi huwa na umande, na jioni baridi hushuka upesi baada ya jua kuzama. Anza kupaka mnamo saa nne asubuhi, wakati umande umeondoka, na uache kufikia saa nane au saa tisa alasiri, ili rangi iwe imeanza kushika kabla ya unyevu wa jioni kurudi; rangi ya mafuta ikipatwa na umande ingali mbichi hupoteza mng'ao na kuwa na ukungu. Fanya kazi chini ya paa la baraza na si juani, kwani jua kali la hapa hukausha ngozi ya juu huku ya chini ikiwa bado mbichi, na matokeo yake ni vipovu. Kama unaishi ghorofani na sehemu pekee ya wazi ni paa la kuanikia nguo, chagua siku ambayo jirani hajafua, na mwagie sakafu maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi litulie.

Paka mgongo wa ubao kwanza. Watu huuacha mtupu kwa sababu hauonekani, lakini ubao uliozibwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili na kupinda. Praima moja na mpako mmoja wa rangi yoyote vinatosha huko. Halafu geuza, upake uso praima, uache ukauke kama kopo linavyoagiza, usugue kidogo sana kwa msasa namba 240 au 320, upake andakoti, usugue tena, kisha mipako miwili myembamba ya rangi kuu, ukiacha angalau saa 16 hadi 24 kati ya mpako na mpako. Neno myembamba lichukue kwa uzito. Mikono mipya hupenda kujaza brashi ili kumaliza kazi kwa mpako mmoja, na rangi nene hutiririka, hukunjamana na kubaki laini ndani kwa wiki nyingi. Tandaza rangi kwa rola, kisha kabla haijaanza kushika pitisha brashi karibu kavu juu yake kwa wepesi, kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa tundu, moja kwa moja kwa urefu wa ubao. Brashi huacha mistari midogo hata uwe hodari kiasi gani, na mistari ikifuata njia ya kifuko haikizuii, bali ikikatisha njia hiyo utaisikia katika kila mrusho.

Kwa mapambo, nakushauri uiangalie kanga. Pindo la rangi moja kuzunguka ubao na mji wa rangi nyingine katikati, tundu likiwa ndiyo ua la mji huo, ni mpangilio ambao hata asiyejua kuchora anaweza kuupata kwa tepu na rula. Jina la kanga nalo, yaani ule msemo, liandike kwenye fremu ya mbele na si juu ya uso, kwa sababu kila mahali rangi mbili zinapokutana pana kijigongo, na herufi nyingi ni vijigongo vingi. Bandika tepu wakati rangi ya chini imekauka walau siku mbili, ikandamize kwa ukucha, kisha kwanza paka ukingo wa tepu kwa rangi ile ile ya chini. Hiyo ndiyo itakayopenya chini ya tepu mahali palipo wazi, na haitaonekana. Ikishakauka paka rangi ya pili, nyembamba, na uibandue tepu rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukiivuta polepole kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Epuka nyeusi na buluu ya usiku kwenye uso mpana: rangi za giza hupata joto kali juani, na joto hilo hulainisha rangi ya mafuta na kuamsha utomvu wa saipresi.

Wengi huuliza kama wamalizie kwa vanishi. Juu ya rangi nzuri ya mafuta iliyopakwa mara mbili, sioni faida yake. Vanishi ya ndani hupasuka juani, ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa manjano, na siku utakapotaka kurekebisha mahali palipochubuka, itakubidi kuondoa matabaka mawili badala ya moja.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta na tapentaini usivirundike kwenye kona au ndani ya mfuko, kwa sababu vinapokauka vinaweza kujipasha joto hadi kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, ndipo uvitupe. Tapentaini ya kuoshea brashi usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Iache kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa hadi rangi itulie chini, kisha mimina ile safi ya juu uitumie tena. Chupa hiyo iwekwe mahali ambapo mtoto haifikii, na isiwe ya soda.

Jambo litakalokushinda, nakutahadharisha, ni kungoja. Rangi ya mafuta haishiki kidole baada ya saa chache, na watoto wataiona kuwa tayari, lakini ndani bado ni laini. Ipe siku 7 kamili wakati wa jua na siku 14 katika Juni au Julai kabla ya kurusha kifuko cha kwanza. Katika muda huo usizilaze mbao zikiangaliana uso kwa uso, maana zitashikana na kung'oana rangi. Zisimamishe zikiwa zimeachana. Ukianza kucheza na kuona vifuko vinakwama, yaelekea rangi haijakomaa, nawe ongeza wiki. Vikiteleza kupita kiasi hadi kila kimoja kinaanguka nyuma, sugua uso kwa wepesi kwa msasa namba 400 uliolowa maji, kwa urefu wa ubao tu, kisha ufute.

Mchezo ukiisha, ziingize mbao ndani au chini ya baraza, kwa kuwa nyasi huilowesha miguu usiku hata pasipo mvua. Na mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua za masika, zigeuze ukague kingo na mzunguko wa tundu. Popote utakapoona rangi imepasuka au mbao inachungulia, sugua mahali hapo peke yake, upake praima na mpako mmoja wa rangi iliyobaki kwenye kopo.